Mpira wa Maji ya Mama Mkwe

Jumatatu asubuhi nilitoka nyumbani Gatitu kwenda kutafuta mpira wa maji, na naomba msinicheke. Baada ya miaka mingi ya kuendesha watalii, nilijinunulia gari kuukuu la kazi ile ile, nikalitia kitanda, jiko, tangi la maji na choo kidogo nyuma ya pazia. Nililitengeneza kwa ajili ya mama mkwe, ambaye mgongo haumruhusu kukaa kitini mwendo mrefu. Alitaka kumwona dada yake wa Meru, maana walikuwa hawajaonana kwa miaka minne. Daktari alisema sharti anywe maji mara kwa mara, kwa sababu ya figo. Safari ya kwanza hakugusa hata kikombe. "Mwambie bwanako maji inanuka mpira," alimwambia mke wangu, Wairimu. Tulipofika Nanyuki kichwa kilikuwa kinamzunguka, tukageuza gari. Kosa nililiona ni langu. Tangi nililijaza kwa mpira wa kumwagilia mboga za sukuma, uliokuwa umelala juani tangu Krismasi.

Saa tatu nilikuwa Nyeri mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Mwenye duka alinitolea mpira wa kijani. "Hii iko ngumu, mzee. Hata lori ikanyage." Nikamwambia nataka wa maji ya kunywa. "Maji ni maji," akasema. "Inapita tu." Niliunusa. Ulinuka kama tairi jipya.

Saa sita nilifika Kagio, kwa kuwa niliambiwa kwenye wakulima wa kumwagilia ndiko kwenye mipira. Ipo kweli, imerundikwa hadi mlangoni, na yote ni ya pampu. Nilipomwomba muuzaji mpira wa maji ya kunywa, alisema, "Niko nayo. Uko na ng'ombe ngapi?" Nikamjibu si ng'ombe, ni mama mkwe. Alicheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Saa tisa, Mukurweini, hasira imenifika kooni. Nilisimama kwenye kioski kununua soda tu, nikaona kando yake duka la vifaa vya maziwa: mikebe, vichujio, na mpira mweupe uliovingirishwa, unaopitisha mwanga. "Hii ni ya kupitisha maziwa," mama mwenye duka alisema. "Ukitumia ile ingine, maziwa inashika harufu na inarudishwa." Nikamuuliza kama unafaa kwa maji ya kunywa. "Kama maziwa haikatai, maji itakataa nini? Lakini ukimaliza, toa maji yote, funga mdomo, na usiache kwa jua." Nilikatiwa mita kumi. Badala ya kufurahi nilizidi kukasirika, maana Mukurweini ni karibu na kwangu kuliko Kagio.

Alhamisi tuliondoka. Nilikuwa nimesugua tangi, nikalijaza kwa mpira mpya, nikaonja vikombe vitatu. Maji hayakuwa na harufu yoyote. Tulipofika Chaka, Wairimu alimmiminia mama yake. "Bado inanuka," akasema. Kufika Naro Moru, akakataa tena. Nilisimamisha gari, nikashuka nimefura, nikamwita Wairimu kando. Nilimwambia nimemaliza siku nzima barabarani kwa ajili ya mpira huu, na kama mama hataki kwenda Meru, aseme tu.

"Maji haina shida," Wairimu alisema kwa sauti ya chini. "Akikunywa atataka choo, na choo iko hapo nyuma yako, pazia tu. Wewe ni mkwe wake. Atakaa aje hapo na wewe unasikia? Hata mimi ameniambia saa hii tu."

Niliona aibu. Pazia lile nililishona mwenyewe, tena nikajisifu. Mwanamke huyu hata kula mbele yangu hula kwa shida, nami nilidhani tatizo lake ni mpira.

"Mimi naenda kununua karoti," nilisema, kwa sauti ya kufika ndani ya gari. Nilitembea hadi kwa akina mama wa mboga, nikabishana bei nusu saa bila haja yoyote. Niliporudi, chupa ya maji ya mama ilikuwa tupu na Wairimu anajaza nyingine.

Nanyuki nilinunua karoti tena. Timau nikanunua viazi. Jioni, Meru, mama mkwe alishuka kwa miguu yake, na dada yake akamkumbatia hapo mlangoni, wote wawili wakilia.

Jumapili tulirudi kwa mwendo ule ule, nikaongeza kabichi na vitunguu. Sasa mtu akiniuliza kuhusu mpira wa maji ya kunywa, namweleza yote niliyoambiwa Mukurweini. Kisha namuuliza nani atakayekunywa, na nani atakayekuwa amekaa karibu.

Tulipomfikisha kwake, mama mkwe alitazama magunia ya mboga yaliyojaa garini. Halafu, bila kupitia kwa binti yake kama alivyozoea, akanisemesha mwenyewe, kwa jina la mtoto wetu.

"Baba Njeri," alisema, akitazama chini. "Asante ya karoti."