Vichanga Tisa Wasioandikwa

Kabla Benadetha hajaletwa kisiwani Bumbire, karibu kila mtoto wa huko alipokewa na mikono ya Anatolia. Mwaka 1953 serikali ikamleta binti huyo kutoka Maruku, mkunga aliyesomea, mwenye viatu vyeupe na daftari la uzazi. Anatolia, mwenye umri wa kumzaa, akaambiwa awe msaidizi wake.

Anatolia alizunguka vijijini kuzalisha, kisha akapita zahanati kusimulia: mama nani, mtoto wa kike au wa kiume, mzima au amekufa. Benadetha akaandika.

Siku moja daktari alivuka ziwa kutoka Bukoba, akafungua daftari, uso ukamkunjuka.

"Kazi safi sana, Benadetha! Laiti visiwa vyote vingekuwa hivi."

Anatolia alikuwa mlangoni na beseni la maji. Hakuna aliyemtazama. Mimi nizalishe, aliwaza, yeye asifiwe?

Tangu siku hiyo akaanza kunyamaza. Waliozaliwa wazima aliwataja. Lakini kichanga aliyekufa kabla ya kupewa jina alifukiwa mgombani bila matanga, na Anatolia hakupeleka habari. Kila alipoliona lile daftari mezani, lenye mwandiko mzuri wa Benadetha na mapengo yake, alifurahi kimoyomoyo.

Masika daktari akarudi, akapekua kurasa. "Hapa watoto hawafi tena," alisema. "Dawa za homa nitazipeleka kisiwa cha Ikuza, ndiko wanakoteketea." Akampa Benadetha mkono wa pongezi.

Mwezi haukuisha, Kokushubila, binti wa mdogo wake Anatolia, akajifungua. Mtoto akashikwa na homa, na kabati la zahanati lilikuwa tupu. Siku ya nne akafa. Anatolia alipokuwa anamfunga kanga, Kokushubila akamwambia, "Mama mkubwa, huyu naye utamnyamazia?"

Kumbe wanawake walijua.

Asubuhi akaenda zahanati, akakaa bila kukaribishwa. "Kuna vichanga tisa hukuwaandika. Sikukuambia."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu walikusifu wewe."

Benadetha akavuta daftari. Akachovya kalamu katika wino. "Waitu, mama yangu, anza na wa kwanza."

Anatolia akawataja mmoja mmoja: mama yake, kijiji chake, siku alizoishi. Hakusita hata mara moja.

Habari zikapelekwa Bukoba, na miezi miwili baadaye daktari akaleta dawa. Akasifu jinsi daftari lilivyosahihishwa. "Aliyeyajua haya ni Mama Anatolia," Benadetha alisema, lakini daktari alikwisha kufungua ukurasa mwingine.

Anatolia hakuficha kifo tena maisha yake yote. Wivu, hata hivyo, haukumtoka. Benadetha alipopandishwa cheo na kuhamishiwa Bukoba, Anatolia alimsindikiza hadi kwenye mtumbwi na mkungu wa ndizi kichwani, akamwombea safari njema kwa moyo wote. Alipogeuka kurudi, bado alikuwa akiwaza vile viatu vyeupe, na kwamba kama angalipelekwa shule utotoni, angaliandika vizuri kuliko yule binti.