Mawe niliyopikia kule Konza

Mkuu uliyeandika jana ati mzee akianza kusahau familia izoee tu, mimi nakataa. Susu yangu hajasahau kitu.

Wakuu wengine, salamu. Nitusini mkimaliza kusoma. Hakuna chumvi nimeongeza.

Susu ni mama ya baba. Bwana yake alikuwa anaendesha mikokoteni ya ng'ombe ya mzungu wa kwanza kufungua ranch upande wa Konza. Alikufa kazini, akazikwa huko huko, baba akiwa bado mgongoni.

Siku hizi hiyo nyumba ya mzungu, ya mabati, iko juu ya nguzo, ni historical site. Unalipa kidogo unapiga tent. Kuna kibao kinaeleza mzungu, bibi yake, hadi farasi wao. Babu yangu hayuko.

Baba ni fundi wa welding Athi River. Akatengeneza msalaba wa chuma, jina limekaa poa, akasema August tunaenda camping familia yote, susu atuonyeshe kaburi tuuweke. Susu akanunua leso mpya.

Tulifika Jumamosi jua likishuka. Susu alikuwa amechoka na barabara.

"Msiguseguse vitu," akasema. "Nipumzishe miguu, asubuhi nitawaonyesha."

Mimi na kungoja hatujuani. Nilikuwa na njaa. Nyuma ya boma ya zamani niliona lundo la mawe kwa nyasi, laini, mazuri ya jiko. Nikabeba na karai, yote, hakuna aliyeona nilikotoa. Matatu ya kupikia, mengine ya kushikilia tent juu ya upepo.

Mutua, ndugu yangu, akaanza: "Umekuwa fundi wa mjengo?"

"Na chai yangu usikunywe."

Moto ukawaka, jiwe moja likapasuka paa! Mutua akaruka, chai ikamwagika. Tulicheka wote. Susu pia alicheka. Macho yake si mazuri, na jiwe likishakuwa chini ya sufuria ni jiwe tu.

Asubuhi alitutangulia na leso yake. Alienda moja kwa moja nyuma ya boma, akasimama.

"Ni hapa. Nilimwekea mawe mimi mwenyewe. Nilitoa kule chini mtoni na kyondo, kwa sababu hapa ni udongo mweusi, haina mawe."

Akaangalia chini. Nyasi tupu.

Wakuu, niligeuka nikaangalia jiko langu. Kwa huo udongo wa black cotton jiwe halijileti. Lazima kuna mtu alilibeba. Nimezaliwa ukambani, hiyo nilikuwa najua.

Ningesema hapo hapo tungeweka msalaba. Lakini baba alikuwa ameushika na mikono miwili kama mtoto, na jiwe moja lilikuwa vipande kwa jivu.

"Mama, labda ni upande ule," baba akamwambia.

Tukazunguka mpaka saa sita. Mwisho susu akakaa chini na ile leso.

"Labda ni kichwa yangu, mwanangu. Tuende."

Msalaba ukarudi na sisi. Umeegemea ukuta wa choo nyumbani.

Tangu hiyo siku mambo imeharibika. Shangazi amechukua funguo za ghala. Susu haruhusiwi kwenda soko Muthetheni peke yake. Wanaongea juu yake akiwa amekaa hapo hapo, na yeye anakubali tu.

Juzi aliniita jikoni. Alikuwa ameshika kopo.

"Mwende, hii ni chumvi ama ni sukari?"

Ilikuwa chumvi. Alikuwa ameshaionja, niliona kidole. Alijua. Hajiamini tena, na ni mimi nimemfanyia hivyo.

Wiki tatu nimejaribu kusema. Nafungua mdomo inatoka kitu ingine. Sioni vile ataniangalia tena. Sioni vile baba ataniangalia.

Nilichojifunza ni kwamba ukikosea sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kuna mtu mwingine analipia. Kama kuna mtu hapa amewahi kufanyia mzee wake kitu kama hii, aniambie alianzia wapi, maana mimi sijui.

Naandika nikiwa cyber hapa Machakos, dakika zangu zinaisha. Majibu nitasoma nikirudi. Kesho asubuhi, kabla shangazi aamke, nitampigia susu magoti nimwambie pale aliposimama ndipo penyewe, na mawe ni mimi nilitoa.