Robo Kumi na Moja za Mawese

Nakumbuka siku niliyomwita wifi yangu mwizi, mwanangu, na hata leo uso unaniwaka kwa aibu.

Ilikuwa enzi ya Wadachi hapa Rumonge. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, na ujuaji ulinijaa tele. Mdogo wa mume wangu alikuwa anaolewa, na kwa desturi yetu kila jirani alituletea kibuyu kidogo cha mafuta ya mawese ya karamu. Kibuyu hicho tulikiita robo, maana vinne hujaza mtungi mmoja. Nilisimama mlangoni nikahesabu robo kumi na moja.

Wifi yangu Zena, mjane aliyeishi nasi na mwanawe mchanga, ndiye aliyeyamimina mitungini. Nikamuuliza yamejaza mitungi mingapi.

"Iko mitungi mbili na robo tatu," akasema.

Masikini mimi! Kumi na moja zangu zimekuwa mbili na tatu? Nikamwita mwizi, mbele ya wanawake wote.

 Zena aliingia ndani akaanza kufunga nguo zake, ahamie kwa shangazi yake kijijini Kabonga.

Mama mkwe hakunifokea. Alileta kile kibuyu na beseni. "Pima wewe mwenyewe, mutoto wangu."

Nikapima. Mtungi wa kwanza ulitoa robo nne ukaisha. Wa pili, nne tena. Wa mwisho ukatoa tatu tu.

"Kwa kumi na moja, nne inaingia mara mbili," akasema mama, "hiyo ni mitungi mbili mizima. Tatu inabaki, na hiyo tatu ni robo bado. Mafuta umeyaona. Sasa mufuate mwenzako."

Nilimkuta Zena amembeba mtoto mgongoni, mzigo u tayari. Nikapiga magoti, nikalia. Nilimpenda, mwanangu, na nilikuwa karibu kumpoteza kwa hesabu nisiyoijua.

Akauweka mzigo mbele yangu. "Niliyofunga, fungua wewe," akasema.

Nikafungua fundo moja baada ya jingine.

Basi mwanangu, ukiwa na robo nyingi, zikusanye nne nne upate nzima, na zinazobaki ziache ziitwe robo. Na hesabu ya mwenzio ikionekana tofauti na yako, pima kwanza kabla hujafungua kinywa. Ukikosa, omba radhi siku hiyohiyo. Mungu akupe mkono wa haki, na akujalie watu wa kukusamehe kama nilivyosamehewa mimi.