Mtama wa Shangazi Ukutani

Shangazi yangu hakuwahi kununua mbegu dukani. Kila mavuno alichagua mwenyewe masuke ya mtama mwekundu, akayapukuchua kwa mkono, akachanganya punje na majivu, akazitia kwenye kibuyu na kukiziba kwa nta. Mbegu hizo alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na kwa miaka arobaini hakukosa msimu. Majirani waliohamia mahindi ya dukani walimbandika jina la Bibi Majivu. Alicheka nao.

Mwaka jana ndege walimaliza shamba lake. Kikabaki kibuyu kimoja tu, nacho aliwaazima watu wa Nyumba ya Urithi, lile ghala kuukuu wanaloonyeshwa wageni wa mji, kwa sababu msimamizi alimwapia kwamba angekirudisha kabla ya mvua.

Nilipomtembelea, mawingu yalikuwa yameshatanda, tukaenda kukichukua. Humo ndani kulinuka mavi ya popo na rangi mbichi. Jembe la zamani lilipakwa rangi ya dhahabu kuanzia mpini hadi makali. Kinu kilijaa maua ya plastiki. Sijui nani aliwaambia kwamba kazi ya wazazi wetu lazima irembwe ndipo itazamike.

"Karibu, mama!" msimamizi alisema, meno yote nje. "Njoo uone ulivyotutoa kimasomaso."

Mtama wote ulikuwa ukutani. Walikuwa wameubandika ubaoni kwa gundi kuchora ramani ya mji, kisha wakaupaka vanishi mara tatu. Uling'aa kama peremende.

Shangazi alikwangua punje moja kwa ukucha, akainusa.

"Mwanangu, hii si itaozea ardhini?"

"Haiozi, mama! Vanishi hiyo hata miaka mia inakaa."

Nilitamani kumtemea mate, Mungu anisamehe. Mtu mzima, mtoto wa wakulima, hajui kwamba mbegu ni kitu hai! Na kibuyu chenyewe walikuwa wamekitoboa wakatengeneza taa.

"Jumatatu wanakuja wanafunzi," aliendelea. "Tunaomba uje uwaeleze mtama huu unapandwaje."

Shangazi alimtia ile punje kiganjani.

"Nitakuja," alisema, "ukiniletea wa kupanda."

Mvua ilianza kesho yake asubuhi. Shangazi, ambaye miaka yote hiyo mvua ya kwanza ilimkuta na jembe mkononi, alilala kitandani mchana kutwa, uso ukutani.