Karamu Tuliyoilima Wenyewe

Kikao cha kwanza cha kamati ya sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, kilifanyika Utemini, mjini Singida, nyumbani kwa mdogo wake mume wangu. Shemeji huyu ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti, na ilikuwa haki yake. Anampenda binti yetu kama wake wa kumzaa, na alimlea pale kwake miaka yote aliyosoma sekondari mjini. Aliposimama kueleza mipango ya chakula, nilimsikiliza kwa heshima. Kuku wa kisasa wangetoka kwa mfugaji mmoja wa mjini. Mafuta ya kupikia yangenunuliwa dukani, yale ya madumu yaliyosafiri baharini kabla ya kufika kwetu. Sembe ingenunuliwa, mchele ungenunuliwa.

"Shemeji, wewe usisumbuke," akaniambia. "Kazi yako siku hiyo ni kuvaa kitenge chako na kukaa mbele."

Nikamwambia, "Chakula niachieni mimi. Kitatoka shambani."

"Chakula chote?"

"Chote."

Watu wakatazamana. Shemeji akamgeukia kaka yake, labda akitumaini ataniambia nikae. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alinyoosha miguu, akasema, "Kama amesema kitatoka, kitatoka." Kikao kikaendelea na mambo ya ukumbi na maturubai.

Sikusema vile kwa ubishi. Kulikuwa na jambo moja lililokuwa likinikera muda mrefu. Kuku wetu wa Singida wanasifiwa nchi nzima. Ukisimama stendi asubuhi utaona matenga yao yanapandishwa kwenye magari kwenda Dar es Salaam, na huko watu wanawatafuta kwa jina la Singida. Lakini sisi wenyewe tukiwa na sherehe tunapika kuku waliokua harakaharaka ndani ya banda la taa, ambao mfupa wao unavunjika kama kijiti kikavu. Alizeti yetu inajaza magunia, halafu jikoni mwetu kuna dumu la mafuta lisilojulikana lilikotoka. Nilitaka mtoto wangu aagwe kwa chakula ambacho ningeweza kukitaja kilipoota.

Zamani nisingeweza kusema hivyo. Nilipoolewa hapa kijijini Mtinko, shamba letu lilikuwa limechoka. Kwa miaka mingi familia ya mume wangu ilikuwa imelima mahindi matupu, mbegu za dukani na mbolea za dukani, kwa sababu ndivyo kila mtu aliyetaka maendeleo alivyofanya. Mwanzoni mahindi yalistawi. Baadaye ardhi ikawa mchanga usioshika kitu. Mvua ikinyesha maji yalitimka mbio hadi korongoni, yakibeba mbolea pamoja nayo. Kiduha kikaingia, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mazao. Ukilitazama kwa mbali unaweza kudhani ni pambo. Mwaka mmoja mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, tukala unga wa kununua hadi msimu mwingine.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza kunirudisha kwenye mazao ya zamani. Alikuwa na uwele wake kidogo alioupanda kila mwaka pembeni ya zizi, hata pale watu walipomcheka kuwa anang'ang'ania chakula cha njaa. Mwaka ule uwele wake uliiva. Akanipa mbegu kwenye kibuyu, akaniambia kwa Kinyaturu kwamba ardhi nayo inakula, na sisi tumeilisha kitu kimoja mpaka imekinai. Mume wangu akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukaanza kusomba samadi iliyokuwa imerundikana zizini bila kazi.

Kisha akaja bibi shamba wa kata, msichana aliyekuwa ametoka chuoni karibuni. Alitembea na sisi shamba zima, akatuonyesha namna ya kupima mteremko na kuchimba makinga maji ili mvua itulie na kuzama. Alituambia tupande kunde na mbaazi katikati ya mtama, na tusichome mabua. Yeye na mama mkwe walielewana sana. Mmoja alijua mbegu za pale, mwingine alijua kwa nini zinafaa, na mara nyingi niliwakuta wamekaa wanabishana kwa furaha juu ya mchwa.

Shamba halikupona msimu mmoja. Mwaka wa kwanza tulivuna kidogo, na majirani wakasema tumerudi nyuma. Mwaka uliofuata udongo ukaanza kubadilika rangi. Nilijua tumefika pale nilipoingiza jembe ardhini baada ya mvua na kukuta minyoo. Nilimwita mume wangu aje kuitazama. Tulisimama pale kama watu walioona mgeni aliyepotea zamani.

Basi nilipoiambia kamati kwamba chakula kitatoka shambani, nilikuwa naongea juu ya shamba hilo. Uwele na mtama vilikuwa kwenye kihenge. Kunde na choroko zilikuwa magunia. Alizeti tuliikamua kwenye mashine ya hapa hapa Mtinko, tukayachuja mafuta mpaka yakatulia, na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, tukarudi nayo nyumbani kwa ajili ya kuku na ng'ombe. Mchele si zao la kwetu, lakini wageni wa harusi bila pilau wangenung'unika, kwa hiyo nilimtumia ujumbe dada yangu aliyeolewa upande wa Shelui, ambako mbuga zinashika maji na watu wanalima mpunga. Akanijibu, "Mchele ni wangu. Wewe hangaika na mengine."

Aliyenitia wasiwasi kidogo ni bibi harusi mwenyewe. Yeye ni muuguzi Dodoma, na mchumba wake ni wa huko huko. Alinipigia simu jioni moja.

"Mama, baba mdogo ameniambia. Wakwe zangu wataletewa ugali wa uwele?"

"Na pilau. Na kuku. Na mlenda."

"Mlenda kwenye sendofu, mama?"

"Wewe umekua kwa kula nini?"

Akacheka. "Basi weka karanga nyingi," akasema.

Siku za sherehe zilipokaribia, upepo wa kiangazi ukiwa umekaza, kideri kikaingia kijijini. Mtu aliyefuga kuku anajua neno hilo linavyoshtua. Kilianzia ng'ambo ya korongo, kwa mama mmoja ambaye ni rafiki yangu tangu nilipofika Mtinko. Asubuhi kuku wake walikuwa wamejikunyata, mbawa zimelegea. Wengine walianza kupinda shingo kama wanaotazama kitu angani. Hazikupita siku nyingi ua wake ukawa kimya. Ugonjwa ukaruka nyumba hadi nyumba, mpaka alfajiri za kijiji zikakosa majogoo.

Kuku wangu walikuwa wamechanjwa. Bibi shamba alitufundisha kuweka matone ya jichoni na kuyarudia kila baada ya miezi michache, na mimi sikuwahi kuruka zamu. Hata hivyo, kuchanja ni jambo moja, na kulala usingizi wakati kifo kinapita kwa jirani ni jambo jingine. Niliwafungia bandani. Nilimwomba kila aliyekuja kutusalimia asikanyage upande ule. Maji yao niliyachota mwenyewe, na viatu vya kuingilia bandani nikaviacha hapo mlangoni.

Shemeji akapiga simu. "Nasikia kuku wamekwisha Mtinko. Nimeongea na yule mfugaji wa mjini, anangoja neno langu tu."

"Mwambie asingoje."

"Shemeji, hii ni heshima ya familia. Ukikosa kuku siku ile tutaficha wapi nyuso?"

"Nikikosa kuku, wageni watakula mbuzi na kunde, na hakuna atakayeondoka na njaa. Lakini kuku wa kisasa hawaingii kwenye sufuria yangu."

Niliongea kwa ujasiri mkubwa kuliko niliokuwa nao. Mume wangu, aliyekuwa anachonga mpini karibu nami, alisikia yote. "Mbuzi wawili tunao," akasema, akaendelea kuchonga. Kwake yeye hiyo ndiyo faraja, na kweli ilinifariji.

Vifaranga walioanguliwa baada ya chanjo walikufa wote. Niliwafukia mbali na nyumba, nikaumia. Mitetea na majogoo walisimama imara. Kila asubuhi nilifungua banda kwa hofu, na kila asubuhi walinitokea wakikwaruza na kugombana, wakitaka mashudu. Ugonjwa ulipopita, ua wangu ndio pekee upande ule uliokuwa na jogoo anayewika.

Siku mbili tatu kabla ya sendofu, rafiki yangu wa ng'ambo ya korongo alikuja na debe kichwani. Akalitua mlangoni.

"Nilikuahidi kuku," akasema. "Kuku sina. Nimeleta karanga."

Nilimkalisha, nikamchemshia chai. Baada yake wakaja wengine, mmoja na maboga, mwingine na asali ya mzinga wa mumewe, mwingine na majani ya kunde yaliyokaushwa. Hakuna niliyemwomba. Walikuwa wamesikia kwamba karamu ni ya mashambani, na kila mmoja alitaka kuwemo.

Tulipika uani kwetu, kwa maana nilikataa pia habari ya ukumbi wa mjini. Kuku wa kienyeji hapikwi kwa papara. Tuliwaweka motoni jua likiwa bado halijapanda, na moto ukawa wa polepole. Mafuta ya alizeti yalipopata moto harufu yake ilitoka hadi barabarani. Shemeji alifika mapema kukagua maturubai, lakini nilimwona anazungukazunguka kwenye masufuria. Nikampa kipande cha kuku na mchuzi kwenye kisahani. Alikula amesimama, akalamba vidole, akaondoka kwenda kupanga viti.

Wakwe wakaja kutoka Dodoma. Baada ya shikamoo zote na nyimbo zote, walipokaribishwa chakula, niliona baadhi yao wakielekea moja kwa moja kwenye pilau. Ilikuwa sawa, mchele wa dada yangu ulinukia. Lakini alikuwepo mgeni mmoja aliyepita pilau bila kuitazama. Ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la nafaka mjini, ambaye amekuwa akinunua uwele wetu kila mavuno. Hali nyama. Alijaza sahani uwele, choroko na mlenda, akakaa karibu na mjomba wa bwana harusi.

Mjomba yule akamuuliza, "Mzee, hiki chakula cha rangi ya majivu unakifahamu?"

"Nimekua nikikila," mzee akajibu kwa utulivu. "Mama yangu alitupikia chapati za uwele kila siku ya baridi. Nanunua kwa mama huyu kwa sababu uwele wake hauna mchanga na hauna dawa. Wewe kata tonge, chovya hapa."

Mjomba akakata, akachovya. Sikumsikia alichosema, kwa sababu nilikuwa mbali, lakini nilimwona anainuka na sahani yake kwenda kuongeza, na safari hiyo aliandamana na shangazi wa bwana harusi na vijana wawili.

Ikafika zamu ya wazazi kusema. Kwa kawaida mama wa bibi harusi hulia kidogo, hutoa nasaha za ndoa, hukaa. Mimi nilichukua kipaza sauti, nikawaambia wakwe zangu kilichokuwa kwenye sahani zao. Nikawaambia uwele umetoka upande ule wa zizi, mbegu yake ni ya mama mkwe wangu, yule pale aliyekaa na mgolole. Kuku wamelelewa ua huu na wamepona kideri. Mafuta yamekamuliwa hapa, kwa alizeti iliyoota kwenye udongo ambao tuliwahi kuukatia tamaa. Karanga zimetoka ng'ambo ya korongo, kwa rafiki yangu aliyepoteza kuku wake wote mwezi huu na bado akaja na debe. Mchele ni wa dada yangu.

"Mtoto tunayewapa," nikamalizia, "ameota kwenye udongo huu huu."

Mama mkwe, aliyekuwa hajasikia vizuri, akauliza wanapigia nini makofi. Mume wangu akainama kumweleza sikioni. Nilimwona anafuta macho kwa ncha ya mgolole, kisha akajinyoosha na kutazama wageni kama mwenye mali.

Binti yangu alinikumbatia na gauni lake lote. "Ulisahau kuitaja asali," akaninong'oneza.

Wageni walipoondoka, shangazi wa bwana harusi alitaka kujua mlenda unavyokaushwa, na nikamfungashia wa kutosha. Shemeji alibaki hadi maturubai yakashushwa. Alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na masufuria matupu.

"Shemeji," akasema, "ile ekari yangu ya kule chini imekaa bure. Unafikiri itakubali uwele?"

"Imechoka kuliko yetu ilivyokuwa. Itahitaji samadi nyingi."

"Ng'ombe sina."

"Sisi tunao. Njoo na nguvu zako."

Alikuja kweli, kabla ya mvua za kwanza, akiwa amevaa viatu vya mjini ambavyo havikurudi kama vilivyokuja. Kwa sasa kijiji chetu kinachanja kuku kwa pamoja, siku moja kwa nyumba zote, na rafiki yangu wa ng'ambo ya korongo ndiye anayepita na chupa ya matone kwa upande wetu. Kamati za sherehe hapa Mtinko zimeanza kuniita. Sijui nishone kitenge kipya kwa vikao hivyo, au niende na hiki hiki cha shambani.