Hedi ya Mashindano Kutoka Murongo

Mfanyabiashara wa Murongo alileta hedi adimu, kifuniko cha juu cha injini, karakanani kwangu Kihanga. Alisema ilitengenezwa kwa magari ya mashindano. Mzee mwenye gari la kale la muundo huohuo, ila la kawaida, alikuja naye akitaka neno langu kabla ya kuinunua. Kama ingekuwa na ufa, ingeua injini aliyoitunza tangu ujana.

Ufundi nilijifunza peke yangu, na sijiamini. Njia za hewa zilikuwa pana kuliko za hedi ya gari la mzee, zimesuguliwa kwa mkono, na valvu zake kubwa zaidi. Ilikuwa ya mashindano kweli. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta, nikasugua chaki. Kama kungekuwa na ufa, mafuta yaliyobaki ndani yangechora mstari. Hakuna kilichojitokeza. Nikaiosha, nikaanza upya.

“Fundi, unaichumbia?” mfanyabiashara aliuliza.

“Mzee, ni nzima,” nilisema, “lakini mimi...”

“Mjukuu wangu,” mzee alinikatiza, “sikuuliza habari zako. Nimeuliza za chuma.”

Nikaitazama tena chaki. Ilikuwa nyeupe tupu.

“Ni nzima,” nikasema, nikafunga mdomo kabla “lakini” nyingine haijatoka.