Siku Tulipombeba Dokta Kichwa Mbele

Mwezi uliopita tulimzika koko yangu, bibi mzaa baba, mama ya papa, kule kwetu juu ya Nyamitaba, na mimi nikacheka matangani. Usinihukumu bado, rafiki. Wanaume walikuwa wameshainama kuinua kipoyi, wanawake wameshavuta pumzi ya wimbo, ndipo mdogo wangu, jitu lenye mabega ya fahali, akasimama wima mbele ya katekista na kilima kizima, akaniuliza: "Dada, inatanguliaka nini? Kichwa ao miguu?" Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na machozi yenyewe yakachelewa kujua ni ya aina gani. Katika watu wote waliozaliwa chini ya jua, huyu ndiye hakuwa na haki ya kuuliza swali hilo.

Kama hujawahi kuona kipoyi, ni miti miwili mirefu, katikati yake kitanda cha fito na kamba za migomba. Watu wanne wanabeba, wanne wanafuata ili wapokezane. Cha kwetu kililala juu ya meko ya koko, cheusi kwa moshi, kikinuka maharagwe, hivyo mgonjwa alifika hospitali akiwa na njaa. Sheria ilikuwa moja: kila nyumba itoe bega. Koko alisema, "Asiyetoa bega atakwenda hospitali kwa magoti." Na hospitali ilikuwa Mweso, rafiki, milima saba na mito kumi na minne, au hivyo ndivyo miguu yangu ilivyohesabu. Daktari wa kweli, yule wa digri, nilimwona mara moja tu utotoni mwangu, na hata hapo nilichoona ni matope ya gari lake.

Kulikuwa na sheria ya pili. Mtu hai anabebwa kichwa mbele. Maiti inabebwa miguu mbele. Mgonjwa akikata roho njiani, wabebaji walisimama, wakageuka bila neno, wakarudi. Sisi watoto tuliokuwa juu, tukipepeta maharagwe, tulijua habari kabla hazijafika. Tulitazama tu kinachotangulia.

Lakini tulikuwa na dokta wetu. Kwa karatasi alikuwa muuguzi. Sisi tulimwita dokta, kwa sababu aliyepo ndiye dokta. Nyumba yake ya dawa ilikuwa ya mbao, yenye kitanda kimoja, kabati moja, na mizani ya watoto iliyoning'inia darini, ambayo nilimpimia mbuzi wangu mpaka dokta akanifukuza. Makasi yake aliyachemshia katika chungu cha koko, na koko akalalamika kwamba sombe yake, majani ya muhogo, sasa ina ladha ya chuma. Alikula kwa kila mtu na alitibu kila mtu. Wakimwuliza kwa nini anashona watu wa upande fulani, alijibu, "Mimi damu yote naonaka iko nyekundu."

Neno hilo ndilo lililomponza. Walikuja mchana, wakati wa kuvuna maharagwe, wenye bunduki waliokuwa wakishika bonde mwaka ule. Walipiga mabati ya paa la dawa risasi mpaka yakawa kama chujio. Baadaye mvua ilinyesha zaidi ndani kuliko nje. Walivunja kabati, wakanywa dawa ya kikohozi kama pombe ya kasiksi, wakamlaza dokta kifudifudi uwanjani na kumchapa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, sote tumepangwa mstari tuangalie. Kosa lake: alikuwa ameshona mguu wa adui yao. Nilihesabu viboko mpaka namba nilizofundishwa shuleni zikaisha, nao wakaendelea. Walipoondoka walisema wakimwona tena kwenye kilima chetu watamfungua tumbo wenyewe. Akateremshwa Nyamitaba kwa kipoyi. Kichwa mbele, asifiwe Mungu.

Baada ya hapo wakaweka bariera kwenye kivuko cha mto, gogo la mkaratusi likilala njiani. Huo ndio ulikuwa mlango pekee wa kilima chetu. Jirani aliyejaribu kupita juu, porini, tulimkuta shambani mwake bila mikono. Nyumba tatu zilichomwa. Ng'ombe wa mwalimu walipigwa risasi kwa mchezo tu, na wiki nzima kilima kilinuka nyama ambayo hakuna aliyethubutu kuila.

Katika wiki hiyo mama akashikwa na uchungu.

Mtoto alikaa mkingamo. Koko alizalisha nusu ya kilima, lakini alipopapasa tumbo alinyamaza, na koko kunyamaza ilikuwa habari mbaya kuliko risasi. Siku moja ikapita. Alfajiri wakamlaza mama katika kipoyi wampeleke chini kwa dokta. Hawakufika hata kwenye migomba ya mwisho, akazimia, damu ikapita katikati ya fito. Wakamrudisha. Papa alikaa chini amejishika kichwa. Koko akamsimamia.

"Simama, wewe. Kama mugonjwa hawezi kwenda kwa dokta, dokta atabebwa mpaka kwa mugonjwa."

"Mama, watamuua."

"Maiti haiuliwake mara mbili."

Ndivyo tulivyoteremka asubuhi ile na kipoyi kitupu: papa, wanaume saba, koko, na mimi mwenye miaka tisa. Mama tulimwachia mashangazi. Kwenye bariera koko aliwaambia wale askari kwamba mwanawe wa pili amefia Nyamitaba, tunakwenda kumchukua. Walitupisha wakicheka. Maiti zilikuwa nyingi mwaka ule, hazikumshangaza mtu.

Dokta hakubishana. Mgongo wake ulikuwa bado mbichi, alivaa shati kwa kunong'ona na Mungu. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Tulipojibu, akalala mwenyewe juu ya kipoyi. Wakamviringisha kwa mkeka na kitenge. Makasi, glovu na chupa moja ya dawa ya kuzuia damu vikaingia katika kitunga changu, chini ya mateke, magimbi ya kwetu. Kisha koko, kwa sababu maiti bila nzi haiaminiki, akatoa kipande cha fromaji, jibini yetu ya Masisi, kilichooza tangu Pasaka, akakipaka mkeka wote. Nzi wa territoire, yaani wilaya nzima, walikuja, na nadhani wengine walivuka mpaka. Miaka baadaye dokta alikuwa akisema kipigo amesamehe, ila ile fromaji, hapana.

"Leo huyu njo papa yako," koko aliniambia. "Ulie."

Nililazimisha. Machozi hayakutoka hata moja. Papa wa kweli alikuwa mbele yangu anabeba, shingo imemtoka mishipa.

Tulipofika mtoni, mkubwa wao alikuwa ameamka. Alikuwa mtu wa makamo, na kwa namna alivyokaa juu ya jiwe tulijua amezaliwa milimani kama sisi. Akaangalia kipoyi. Akaangalia tena. Halafu akainuka polepole.

"Tangu lini maiti inabebwa kichwa mbele?"

Rafiki, nikwambie ukweli: hakuna aliyekuwa amefikiria. Wanaume wale walibeba wagonjwa tangu ndevu zilipoota. Mabega yao yalijua kwamba huyu anapumua, yakamgeuza kichwa mbele yenyewe, bila kumwuliza mtu. Tulidanganya kwa vinywa, kwa machozi, kwa nzi, ila mabega yakasema ukweli.

Papa alifungua mdomo, akapigwa kofi lililomwangusha magoti, na kipoyi kikayumba. Koko akamwendea yule mkubwa mpaka pua yake ikafika kwenye vifungo vya shati.

"Tangu mulipofika! Mumetuletea maiti mingi mpaka tumesahau upande! Munataka tuwabebe namna gani, munifundishe, mwanangu, wewe uliyenyonya kwenye hii milima!"

Wale vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua bunduki ya mmoja, akaigeuza, akashusha kitako juu ya mkeka kwa nguvu zote, kama mtu anayepasua kuni. Nilisikia mfupa. Wewe umewahi kusikia muhogo mkavu ukivunjwa? Ndio huo. Akapiga mara ya pili, palepale.

Mkeka haukutikisika. Haukutoa hata pumzi. Nimeishi mjini, nimesoma masomo ya jioni miaka sita kwa mwanga wa tochi mpaka nikapata diploma yangu, nimesikia wanaume wengi wakijisifu. Sijaona mwanamume kama ule mkeka.

Ila damu ya mtu hai haijui kuigiza. Niliiona mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa mfupi: doa linakua pembeni ya kitenge, jekundu, la moto. Maiti ya jana haitoki damu hivyo. Hapo ndipo machozi yaliyokataa yalikuja yote pamoja. Nikapiga kelele "Papa! Papa!" nikajirusha juu ya lile doa, nikalifunika kwa gauni langu la kanisani, na koko akajirusha juu yangu. Chini ya tumbo langu nilisikia moyo wa dokta ukidunda kama ngoma ya Jumapili, nikalia kwa nguvu zaidi ili usisikike.

"Mugeuze huyo muntu wenu muende," yule mkubwa alisema mwishowe. "Ananuka."

Wakamgeuza. Askari mmoja alimchapa papa fimbo mgongoni kwa kila hatua mpaka tulipovuka mto, eti awe na akili ya kukumbuka upande. Mwingine alichota mateke mawili ya juu kwenye kitunga changu, akayatia mfukoni. Angechota la tatu, angegusa makasi.

Tulipopita kona ya kwanza, wanaume walisimama bila kuambiana, wakamgeuza tena kichwa mbele, wakakimbia.

Mkono wa kuume wa dokta ulikuwa umevunjika mara mbili. Hakutaka ufungwe kwanza. Alikaa kitako kando ya mkeka wa mama, mweupe kama unga wa muhogo, akamwambia koko, "Mama, leo mimi kinywa, wewe mikono." Nami nilishika taa ya mafuta, maana jikoni mlikuwa giza hata adhuhuri. Alisema: ingiza, tafuta mguu, si huo, huo ni mkono, rudi, polepole, sasa vuta mama akisukuma. Koko alitukana mababu zake na wa dokta. Mama alipiga ukelele ambao naamini ulisikika Mweso. Mtoto alitoka wa bluu, kimya. Dokta akamwinua kwa mguu mmoja, kwa mkono wake wa kushoto, akamchapa kofi. Kofi moja tu katika siku nzima lililotoka mahali pazuri. Jitu hilo, mdogo wangu yuleyule, likalia, na mpaka leo halijanyamaza.

Mama aliishi. Ile chupa ya dawa ilitosha.

Dokta alikaa nasi, amefichwa nyumba hadi nyumba, mkono umepona umepinda. Bonde likabadilisha wenye bunduki mara nne. Wale wa tano walimkuta anashona mtu na kumwamuru aache, akasema anamalizia mshono. Walimpiga risasi palepale, sindano mkononi. Tulipokwenda kumbeba, wanaume walimweka miguu mbele, kama inavyopasa. Koko akawasimamisha.

"Mugeuze. Huyu hajafa kama wengine. Huyu anaenda kuona mugonjwa."

Wakamgeuza.

Siku hizi kuna nyumba ya dawa ya matofali, yenye rangi, na muuguzi kijana anayekuja mwezi mmoja na kukosa miwili. Daktari wa digri tunaambiwa yuko njiani. Mdogo wangu ana pikipiki, ndiye anayeshusha wagonjwa, kwa hiyo hajui kipoyi kinageuziwa wapi. Barabara ikifungwa kwa mapigano, pikipiki inalala, na hakuna anayekumbuka ni nyumba gani inadaiwa bega. Kipoyi cha koko tulikitoa darini kwa ajili yake tu, kamba mbili zikakatikia mikononi mwetu. Bado kilinuka maharagwe.

Nilipomaliza kucheka pale matangani, nilifuta uso, nikamjibu mdogo wangu.

"Kichwa mbele."

Katekista akakohoa. Wazee wawili waliobaki kati ya wale wanane wakanitazama, kisha wakasogea kila mmoja kwenye mti wake, mabega yao makuukuu yakaingia mahali pake yenyewe.

"Lakini amekufa, dada," mdogo wangu akanong'ona.

"Dokta anamungojea," nikamwambia. "Yeye iko kinywa tu. Mikono ni ya koko. Beba."